Mstari wa Pili

Jumatatu, 3 Juni

Bosi amelazwa.

Naanza na hilo kwa sababu mengine yote ya leo ni porojo. Mdogo wangu alinipigia simu nikiwa nafunga vifungo vya koti la maabara. Hakunisalimia. Alisema mtoto hanyonyi, anahema kama mtu aliyepandishwa ngazi na mzigo kichwani. Nikamwambia mlete huku huku, nakungoja getini.

Miezi minne tu duniani na ameshatupanga wote zamu — ndiyo maana tukamwita Bosi. Akikunja uso, mama yake, huyo mdogo wangu, fundi cherehani anayeogopwa na wateja, anaacha suti ya mtu mezani na kukimbia. Mtoto huyu alingojwa miaka mingi, mpaka sisi ndugu tukaacha kuuliza. Leo kifua chake kilikuwa kinabonyea chini ya mbavu kila akivuta pumzi. Nimefanya kazi hospitali muda mrefu, lakini pale nilitazama ukuta.

Nesi alimchukulia sampuli puani kwa kijiti cha pamba. Bosi alimkazia macho kwa dharau, hakulia. Nikamwomba mwenzangu wa maabara anipimie, maana mimi ni mama yake mkubwa na niliogopa. Akasema ogopa lakini pima, ukikaa bure utaogopa zaidi. Alisema kweli.

Influenza. Mstari wake, maana kila kirusi kina wake, ulipanda mapema kwenye kioo cha mashine, bila kusitasita. Nikafunga, nikatoa jibu.

Kufunga — hiyo ndiyo sheria kuu ya hapa kwetu. Sampuli ya kifua inapimwa influenza kwanza. Ikikataa, inapimwa RSV, kile kirusi kinachobana vifua vya wachanga. Ikikataa, mafua ya kawaida, na kuendelea. Ikikubali popote, unafunga hapo hapo na kushika nyingine, kwa sababu vitendanishi, dawa za kupimia, ni vya kubania na foleni haina mwisho. Mkuu wetu amesema "ukipata jibu, funga" mara nyingi mpaka jina lake limesahaulika. Ni Mzee Funga hata kwa mkewe. (Sijui namweleza nani haya. Daftari hili linajua zamani.)

Wodi ya watoto nayo inafuata majibu yetu. Wa influenza Chumba cha Kwanza, wa RSV Chumba cha Pili, na mlango wa katikati haufunguliwi, wasije wakagawiana. Bosi kapewa kitanda cha dirishani. Jirani yake ni binti wa miaka mitatu, naye ni wa influenza. Jibu lake nililitoa mimi Jumamosi. Anaimba kutwa nzima na homa yake mwilini, wimbo usio na maneno, na wodi yote inamwita Mwimbaji. Yuko na bibi yake, mama mmoja mcheshi aliyempakata Bosi kabla hata hatujamaliza kusalimiana, ili mdogo wangu akanawe uso. Nilimshukuru kutoka moyoni.

Jumanne, 4 Juni

Oksijeni. Mipira miwili myembamba puani, plasta mashavuni. Homa haishuki.

Shemeji yuko safarini na lori lake, kakwama mpakani, mzigo haujaruhusiwa. Alipiga akaomba simu iwekwe karibu na mdomo wa mtoto asikie pumzi. Tukaiweka. Akasikiliza, kisha akasema inasikika kama gia isiyoingia vizuri. Mdogo wangu akacheka, halafu akalia, halafu akamwambia acha mzigo urudi.

Mwimbaji ameshuka kitandani kwake pekupeku, akaja kumletea Bosi kijiko chake cha plastiki. Bosi amekilamba. Mwimbaji akambusu mkono, akarudi kwake anaimba. Sote tulitabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jana.

Jumatano, 5 Juni

Vilevile. Nimeleta nguo safi, nimeondoka na chafu. Mdogo wangu bado ana uzi mweupe umemng'ang'ania kwenye mkono wa blauzi tangu Jumatatu. Nilitaka kuutoa, nikauacha.

Alhamisi, 6 Juni

Leo lazima niandike, kichwa kimejaa mpaka masikioni.

Kuna boksi la vitendanishi linakaribia kwisha muda. Vya virusi vyote vya kifua, aina kwa aina. Mzee Funga hapendi kutupa kitu, hata kamba ya kufungia boksi anaiweka. Akaniambia: toa sampuli za zamani kwenye friza, zile zilizokwisha kutolewa majibu, zipime kwa vyote kwa pamoja, tuone mashine inasemaje. Bila kufunga. Hilo "bila kufunga" alilitamka kwa shida, kama anang'olewa jino.

Nikaanza. Sampuli ya kwanza: influenza, kama tulivyosema. Nikaiacha iendelee, na kidole changu chenyewe kilikuwa kinataka kubonyeza. Mistari mingine yote imelala chini. Ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa na RSV, ndilo jibu tulilotoa — halafu pembeni yake mstari mwingine ukaanza kunyanyuka, taratibu, kama mtu anayeamka usingizini. Mafua ya kawaida. Viwili, ndani ya pua moja!

Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Wenzangu wananiita Darubini kwa ajili ya miwani hii, na leo nimelistahili jina. Mistari ilikuwa bado miwili.

Zikaja nyingine. Si zote, wala si nusu, lakini si haba. Miaka yote hii tumekuwa tunachungulia chumba kwa tundu la ufunguo, tunamwona mtu mmoja, tunatangaza kwamba ndani kuna mtu mmoja.

Kisha nikafika kwenye sampuli za watumishi. Mwezi uliopita tulipimwa wote, baada ya nesi mmoja kuanguka homa. Hapo nikapata yenye mistari mitatu. Mitatu! Influenza, RSV, mafua ya kawaida, imepandana kama watoto wa nyumba moja waliopangwa kwa urefu. Nikasema huyu sasa yuko wapi, yuko hai? Nikatafuta namba. Bwana Ndoo! Msafishaji wetu! Tulimpa jibu la influenza, akalazimishwa kubaki nyumbani, na nyumbani akapaka rangi kuta za sebule yote. Wakati nasoma namba yake alikuwa nyuma yangu anapiga deki na kulalamika kwamba watu wa maabara hatufuti viatu.

Nikamuuliza, ulipoumwa mwezi uliopita, ulijisikiaje hasa. Akaegemea fagio lake akafikiri. Alisema pua ilimwasha.

Pua ilimwasha. Virusi vitatu mwilini, na pua inawasha. Na Bosi, ambaye sampuli yake nimeirudia leo kwa vyote nikakuta kimoja tu, anapumulia mipira. Nilidhani ugonjwa unajumlishwa, kwamba kimoja ni kibaya na viwili ni vibaya maradufu. Kumbe mwili una hesabu zake. Nimepigwa na butwaa, lile butwaa tamu la shuleni, siku niliyotazama tone la maji ya dimbwi kwa darubini nikakuta limejaa watu. Nilikuwa siwaiti vijidudu wakati ule, niliwaita watu.

Niliporudi wodini Bosi alifungua macho akanitambua. Akanipa nusu ya tabasamu, nusu nyingine akaiweka akiba.

Ijumaa, 7 Juni

Asubuhi. Homa imeshuka! Oksijeni imepunguzwa. Amenyonya mpaka akasinzia na ziwa mdomoni. Mdogo wangu amechana nywele kwa mara ya kwanza wiki hii, na ule uzi ameutoa. Daktari wa watoto — binti kijana, anaongea haraka mpaka unatamani kumpa maji — amesema akienda hivi ataruhusiwa mwanzoni mwa wiki. Nikarudi maabara napiga mluzi.

Mchana. Nikaendelea na lile boksi, sasa kwa sampuli za wiki iliyopita. Nikaweka, nikabonyeza, nikawa natania na mwenzangu. Influenza ikapanda. RSV nayo ikapanda. Tena RSV ndiyo iliyotangulia, maana yake ndiyo iliyokuwa nyingi. Nikasema haya, mwingine huyo. Nikatafuta namba.

Mwimbaji.

Nikakaa. Kijiko. Ule mkono uliobusiwa. Bibi anayempakata Bosi kila mdogo wangu akienda kuoga. Mtoto mwenye RSV tumemlaza katikati ya watoto wa influenza, kwa jibu lililotoka hapa, lenye saini yangu. Wala jibu halikuwa la uongo. Lilikuwa la kweli, ila halikutosha.

Nikamwendea Mzee Funga. Sikujua nianzie wapi, nikamgeuzia kioo. Akaitazama mistari miwili. Akauliza ni ya nani. Nikamwambia ni ya nani, na nikamwambia nani amelala kitanda cha kando yake. Hakujitetea. Alisema yeye alifundishwa mgonjwa mmoja, ugonjwa mmoja, na akatufundisha sisi hivyo hivyo. Kisha akachukua simu akampigia muuguzi mkuu mwenyewe, akasema kosa ni la utaratibu na utaratibu ni wake. Sikutegemea hata kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kugombana naye.

Mwimbaji kahamishiwa kachumba ka peke yake. Aliondoka anaimba. Bibi yake akaniuliza, kwani mjukuu wangu kafanya nini? Nikamwambia hajafanya kitu, mama, ni sisi.

Halafu mdogo wangu. Nilimweleza polepole, kila kitu. Alisikiliza huku anakunja nguo za mtoto. Nilipomaliza akauliza swali moja tu: "Dada, ile saini ni yako?"

Ndiyo, nikasema.

Akaendelea kukunja. Alikunja soksi, akaikunjua, akaikunja tena. Bora angenifokea.

Jumamosi, 8 Juni

Leo si zamu yangu lakini nimeshinda hospitali. Nilimkamata daktari wa watoto kwenye korido na kikombe chake cha chai, nikamuuliza moja kwa moja: Bosi atapata RSV?

Alisema hajui. Kisha akakaa kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza nikamsikia anaongea taratibu. Alisema seli ikivamiwa na kirusi inapiga mbiu kabla haijafa. Inatoa protini iitwayo interferoni — jina nalijua tangu chuo, nililikariri kwa ajili ya mtihani nikalisahau. Seli za jirani zikiisikia mbiu zinafunga milango yao. Wala hazichagui mgeni. Hazijifungii influenza peke yake, zinajifungia chochote kinachopita. Kwa hiyo kirusi cha kwanza kikishaamsha mtaa, cha pili kinaweza kukuta kote kumekomewa. Imeonekana maabara, kwenye seli za njia ya hewa: mafua ya kawaida yakitangulia, influenza inapata shida kuota. Na wako wanaodhani wameiona hata kwenye miji mizima, wimbi la kirusi kimoja likipanda, la kingine linachelewa.

Nikamuuliza, kwa hiyo influenza inamlinda? Huenda, akasema. Inategemea nani katangulia na lini. Vikiingia pamoja, au cha pili kikija wakati mbiu imenyamaza, mambo yanaweza kugeuka. Viko pia virusi vyenye ujanja wa kuiziba mbiu yenyewe. Na kuna watafiti walioambukiza seli za mapafu influenza na RSV kwa wakati mmoja, wakaona vinatoka vimeungana, kiwiliwili kimoja chenye sura mbili. Akaniona nilivyobadilika rangi, akawahi kusema hiyo ni maabara, si mtoto wenu. Kwa watoto wenyewe, alisema, tafiti hazijakubaliana. Wapo wanaozidiwa wakiwa na viwili, na wapo ambao huwezi kuwatofautisha na mwenye kimoja. Mwimbaji wenu ana viwili na anaruka juu ya godoro.

Niandike ukweli. Pale benchini, kwa muda, nilisahau kwamba naogopa. Nilisahau kabisa. Nilikuwa nawaza ule mtaa mdogo ndani ya pua ya Bosi, pua isiyotosha hata ncha ya kidole changu cha mwisho, na mbiu inayopita humo mlango kwa mlango na hakuna anayeisikia. Mtoto ambaye hajajua bado kwamba mikono yake ni yake! Nani alimfundisha? Niliona kama nimefanya kazi miaka yote nje ya nyumba hii, nasoma namba mlangoni, na leo mtu amenifungulia dirisha kidogo.

Kisha nikakumbuka maneno ya katikati. Wakati mbiu imenyamaza.

Homa ya Bosi imeshuka jana. Anapona. Na kadiri anavyopona ndivyo mtaa unavyotulia, watu wanarudi kulala, milango inaachwa wazi. RSV nayo ikiingia huchukua siku kadhaa kabla ya kujionyesha. Jana nilipiga mluzi kwa habari hiyo hiyo.

Nilimweleza mdogo wangu. Hakuwa amenisemesha tangu jana, lakini hili alilisikiliza. Alipima maneno yangu kama anavyopima kitambaa cha mtu. Akasema, yaani ule ugonjwa niliokuwa naulaani wiki nzima, ndio uliokuwa mlinzi? Nikasema huenda. Na sasa unaondoka? Nikasema ndiyo. Akamgusa mtoto paji la uso kwa mgongo wa vidole, akamwambia taratibu, "Mwanangu, usipone haraka."

Akashtuka kwa alichokisema. Akanitazama. Tukaanza kucheka, kicheko kibaya, cha kuziba mdomo kwa shuka, mpaka nesi akaja kuona kuna nini. Nadhani amenisamehe. Au amechoka tu kukasirika.

Nilipoaga nami nilimgusa mtoto paji la uso. Lilikuwa la baridi, zuri, na nikajikuta naombea joto kidogo. Mimi, mtu wa maabara, naiombea homa.

Jumapili, 9 Juni

Hakuna jipya, na hiyo ndiyo habari. Mipira imetolewa. Amenyonya. Amejamba kwa kishindo, akajishangaa mwenyewe. Namtazama kifua mpaka kila pumzi naiona ya haraka, kisha naangalia pembeni, kisha narudi.

Shemeji kafika, na vumbi la njia bado liko kwenye nyusi. Alinawa mikono mpaka viwiko kama anaingia kupasua mtu, ndipo akampokea mwanawe. Alimshika mbali kidogo na mwili, kama kitu cha kioo alichoambiwa akifikishe salama. Tulimweleza habari ya mbiu. Akasikiliza kwa makini ya dereva, akauliza: haiwezekani mtu akapiga honi kidogo tu, kuwakumbusha majirani wasifungue? Nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Wapo watu wenye shahada zao wanaotafuta hilo hilo. Nilimwambia hivyo, akavimba kichwa siku nzima.

Mwimbaji karuhusiwa. Virusi viwili, na ameondoka kwa miguu yake, kijiko kipya mkononi. Bibi yake ameagizwa asimchanganye na wachanga. Alikuja mlangoni kutuaga, hakuingia, alipunga tu. Nilimwonea haya. Alisema atamwombea Bosi, na nilijua hasemi kwa kutimiza wajibu.

Chumba cha Kwanza kimepooza bila ule wimbo. Watoto wote waliolala naye wanaangaliwa. Wa kitanda cha kona kaanza kukohoa jioni.

Jumatatu, 10 Juni

Bosi naye kakohoa.

Ni kikohozi kipya, au ni mkia wa kile cha zamani? Shemeji anasema ni kile kile. Mdogo wangu anasema si kile, hiki kinatoka chini zaidi, na yeye ana sikio la fundi, anaijua cherehani itakayosumbua kabla haijaanza. Daktari alisikiliza kifua, mbele na nyuma, muda mrefu. Kuna mluzi mdogo, alisema. Huenda ni influenza inamalizikia. Huenda. Akaagiza sampuli mpya. Safari hii Bosi alilia.

Naandika nikiwa mbele ya mashine, daftari nimeliegemeza kwenye boksi la glavu. Madaftari ya nyumbani hayaruhusiwi humu. Mzee Funga ameliona, akageukia kwingine.

Tangu asubuhi sampuli zote za kifua tunazipima kwa vyote. Lile boksi la kukaribia kutupwa ndilo linalotulisha. Likiisha, Mzee Funga anasema atakwenda kukaa mlangoni kwa wakubwa mpaka watoe jingine, na atakwenda na godoro. Tumecheka, lakini sidhani kama anatania.

Sampuli ya mtoto wa kona ilitangulia. Influenza mabaki tu, kwa mbali. RSV juu. Kwa hiyo ilivuka chumba, na kitanda chake kiko mbali zaidi na cha Mwimbaji kuliko cha Bosi. Mwenzangu aliniwekea mkono begani akautoa, akaenda kupiga simu wodini.

Lakini nimewaza jambo, na nalishikilia. Yule wa kona alikuwa anamalizia influenza yake wakati Mwimbaji anaingia. Mtaa wake ulishanyamaza. Bosi alikuwa ndiyo kwanza anaungua. Kile kijiko alikilamba siku ambayo homa ilikataa kushuka, siku ambayo mbiu ilikuwa inapigwa kila kona. Kama kuna siku ya kulamba kijiko cha mwenzio, ndiyo ile. Au nataka iwe hivyo. Mzee Funga nimemwambia, akafikiri sana, akasema ina akili. Halafu akasema, lakini tungoje.

Sampuli ya Bosi iko ndani sasa. Mistari yote imelala.

Bado.

Mmoja umenyanyuka. Influenza. Umechelewa, ni mnyonge, mabaki, kama daktari alivyodhani. Hili ni jibu. Ni jibu zuri, tena linaungwa mkono na daktari, na wiki iliyopita hapa ndipo ningeinuka niende wodini nikicheka. Mkono wa Mzee Funga ulitoka mfukoni wenyewe, ukaenda kwenye kitufe kwa mazoea ya miaka. Akautazama kama wa mtu mwingine. Akaurudisha mfukoni.

Simu imelia. Mdogo wangu kaandika: "Amelala. Dada ukimaliza njoo. Hata kama ni mbaya njoo wewe, usimtume mtu."

Mashine inaendelea. Mstari wa pili bado uko chini. Kila mzunguko wa mashine ukipita nao umelala, nashusha nusu ya pumzi na nusu naibakiza. Pua ile ndogo! Makelele yote yale yaliyopigwa humo, au yasiyopigwa, na sisi wazee wawili hapa na miwani yetu tumenyamaza kimya, kana kwamba tukinyamaza vya kutosha tutayasikia.

Mzee Funga ameuliza kwa sauti ndogo, bado? Nimemwambia bado.

"Usifunge," amesema.